Zabibu Ilivyoipita Handeni

Ukimtajia Mtanzania wa makamo jina la Handeni, atakujibu habari za ukame. Katika simulizi za wazee wetu wa Kizigua kila njaa ilikuwa na jina lake, na mwanahistoria James Giblin alipoandika kitabu kizima kuhusu wilaya hii, kuanzia 1840 hadi 1940, kurasa nyingi zilikwenda kwenye mvua zilizokosekana, mbung'o na ng'ombe waliokufa. Mzabibu nao ni mmea wa nchi kavu. Ukiumwagilia kupita kiasi unaota majani na kusahau kuzaa. Kwa hesabu hiyo Handeni ingepaswa kuwa na mashamba ya zabibu tangu enzi za Mjerumani. Haina hata moja la kutajwa. Chupa ya mvinyo mweupe mkavu utakayoikuta dukani Manundu, mjini Korogwe, imetoka Dodoma. Imezunguka Morogoro na Chalinze, ikapita Mkata, ikawapita wauza machungwa wa Michungwani na kona ya Segera, ndipo ikatufikia. Zaidi ya nusu ya mwendo kutoka Chalinze mpaka kwetu imekatiza Uzigua, mahali ambapo ungedhani ndiko ilikostahili kuzaliwa.

Nimefanya kazi maabara, katika kiwanda kimoja cha mvinyo Dodoma, mpaka nikastaafu na kurudi nyumbani. Kabla ya hapo nilikulia kati ya Kideleko, kwa ndugu za baba, na Ngombezi, ambako baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Ndiyo maana swali hili watu hunitupia mimi misibani na harusini: mbona wao wanaweza, sisi hatuwezi? Wengi huwa wameshajijibu wenyewe kwamba ni udongo. Udongo una sehemu yake, lakini si mkosaji mkuu.

Habari yenyewe inaanzia altareni. Wamisionari wa UMCA, Waanglikana wa Kiingereza walioitikia wito wa Livingstone, walifika Magila mwishoni mwa miaka ya 1860. Baadaye walishuka Korogwe, wakavuka mto Pangani na kuingia Uzigua mpaka Kideleko na Kwamkono. Walikuwa watu wa ubani, mishumaa na misa ya kila siku. Kwao mvinyo ulikuwa na masharti: utokane na zabibu, usichanganywe na kitu kigeni, usiwe umegeuka siki. Vinywaji vilivyokuwepo havikufaa, ingawa vilikuwa vingi na vizuri. Wabondei walikuwa na tembo la mnazi. Juu Usambara palikuwa na boha la miwa. Handeni, nchi ya asali, palikuwa na wanzuki, na huo ukiachwa uchachuke mpaka mwisho unakuwa mkavu na mweupe kiasi kwamba ningeweza kumdanganya nao mgeni wa mjini. Lakini padre hakuwa na ruhusa. Ilibidi mvinyo uje kwa meli mpaka Unguja au Tanga, kisha upandishwe bara. Reli ya Usambara ilipofika Korogwe mwaka 1902 mzigo huo uliteremka stesheni, na kutoka hapo kwenda Kideleko ulibebwa vichwani.

Baba mdogo alishika funguo za vestri ya Kideleko kwa miaka mingi, na chupa alizotunza zilikuwa za mvinyo mtamu, mzito, wa rangi ya chai. Utamu ule ulikuwa na sababu. Mvinyo wa kawaida ukivuka bahari ya joto na kukaa kwenye stoo ya bati huharibika. Watengenezaji wa Ulaya walikuwa na dawa ya zamani ya jambo hilo: kabla chachu haijamaliza sukari, unatia pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu hizohizo. Chachu inakufa, sukari iliyobaki haiguswi tena, na mvinyo wa namna hiyo unaweza kufunguliwa leo na kunywewa baada ya majuma. Kanisa Katoliki lenyewe liliruhusu mvinyo wa misa uongezwe nguvu mpaka asilimia 18. Basi ladha ya kwanza ya mvinyo kwa babu zetu, wale walioionja, ilikuwa ladha ya safari ndefu na joto. Vizazi vitatu baadaye, mteja wa Korogwe akiniambia mvinyo mzuri ni ule mtamu, najua kakitoa wapi kipimo chake.

Upande wa Dodoma mambo yalikwenda kinyume, na hapa historia inanichekesha kidogo. Waanglikana wa Dodoma walilelewa na CMS, wengi wa wamisionari wao wakitoka Australia, watu wa Biblia na uamsho ambao pombe waliiangalia kwa jicho kali. Yaani Waanglikana wenye kiu ya mvinyo walipewa nchi isiyozaa zabibu, na wale waliopewa nchi ya zabibu hawakuwa na haja nayo. Waliookoa jahazi ni Wakatoliki. Wapasionisti kutoka Italia walikuwa Dodoma tangu miaka ya 1930, na mwaka unaotajwa Dodoma kila zabibu inapozungumzwa ni 1957, wamisionari walipopanda miche Bihawana, kusini-magharibi ya mji. Lengo lilikuwa lilelile la Kideleko: mvinyo wa misa. Tofauti ni kwamba wao hawakuungoja stesheni.

Kutoka Bihawana mche ulihama kwa njia zisizo za kiroho sana. Gereza la Isanga lilipanda zabibu, na wafungwa wakajifunza kupogoa. Ikaja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie huko, na zabibu ikapewa kazi ya kuwa zao la biashara la mkoa ambao mtama na karanga vilikuwa vinaupa shibe bila fedha. Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Veyula, Makutupora: majina haya niliyajua kwenye lebo za sampuli kabla sijaijua miji yenyewe. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikachagua mbegu zinazostahimili. Zabibu nyekundu inayopandwa kwa wingi leo inaitwa Makutupora, kwa jina la hapohapo. Serikali ikajenga kiwanda chake, DOWICO.

Sasa nirudi kwenye udongo, maana ndipo watu wanaponibana.

Sisi wa Tanga tuna haki ya kuzungumzia udongo. Mwaka 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa mkonge Mlingano, karibu na Ngomeni, na kituo hicho ndicho leo kinachobeba utafiti wa udongo wa nchi nzima chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Mkonge uliwalazimisha watu kuuchunguza udongo, kwa sababu ulikuwa unaumaliza. Mmea mmoja ardhini miaka mingi, majani yanakatwa na kubebwa, na kila tani ya majani inaondoka na chokaa na potasiamu yake. Potasiamu ikipungua, jani la mkonge linanyong'onyea shingoni, linapata mkanda wa kahawia na kuoza. Nilipokuwa mtoto Ngombezi niliyaona majani hayo yakitupwa pembeni ya korona. Wazee walisema shamba limechoka, na walikuwa sahihi kabisa.

Nilipofika Dodoma nikakutana na potasiamu ileile, safari hii ikiwa na kosa la kuzidi. Mzabibu ukiinyonya kwa wingi, inaingia kwenye juisi, inashikana na tindikali ya zabibu na kuwa fuwele zinazotua chini ya tangi. Tindikali ikishatua, mvinyo mweupe unapooza. Unakuwa na harufu, una kilevi, lakini mdomoni umelala. Kwenye mvinyo mwekundu ukali wa ganda unaweza kuficha hilo. Mtamu unafichwa na sukari. Mweupe mkavu hauna pa kujifichia, ndiyo sababu watengenezaji huujaribia uwezo wao hapo.

Miamba ya Dodoma na ya Handeni yote ni mikongwe kupindukia. Kule wana matale ya kitovu cha bara, huku tuna miamba iliyobanwa na kupikwa upya ambayo siku hizi wachimbaji wa Magambazi wanaivunja kutafuta dhahabu. Udongo wa juu wa pande zote mbili una wekundu na mchanga. Ukinipa kiganja cha udongo wa kilima cha Kideleko na kingine cha Mpunguzi, bila vipimo nitababaika. Mkulima wa Dodoma anachokwepa ni mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kugeuka tope masika, kwa kuwa unashika maji na mzizi unakosa hewa. Anapanda juu kidogo, penye kichanga kinachopitisha maji haraka lakini chini kina tabaka la kutunza akiba. Mzabibu unashuka kutafuta. Hapo ndipo udongo unapofanya kazi yake kubwa kwa mvinyo: unaamua mmea unywe kiasi gani na lini. Gérard Seguin wa Bordeaux alilionyesha hilo kwa vipimo katika mashamba ya kwao. Mjiolojia Alex Maltman naye amewaudhi wapenzi wengi wa mvinyo kwa kueleza kwamba jiwe haliingii kwenye glasi, na kwamba ile ladha ya jiwe wanayoisifia haitoki kwenye mwamba. Nakubaliana naye. Nimepima juisi nyingi mno, siwezi tena kuamini kwamba mtu anaonja tale.

Kilichoipitisha zabibu mbali na Handeni ni kalenda ya mvua. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba mbingu imefungwa. Sisi Handeni na Korogwe tunapata zaidi ya hapo, tena kwa mikupuo miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati manyunyu hayaishi kabisa kwa sababu upepo wa bahari unatufikia. Mahindi yanaweza kufa kwa jua la wiki tatu Januari, ndiyo njaa zetu, halafu mwaka huohuo kichala cha zabibu kikaoza kwa unyevu wa Julai. Ukame wetu ni wa kushtukiza. Wa Dodoma una ratiba.

Mzabibu wa nchi za tropiki haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima kwa makasi. Dodoma wanapogoa kuelekea mwisho wa masika, maua yanatoka nchi ikikauka, na zabibu zinaiva Agosti na Septemba, usiku ukiwa wa baridi, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wanapogoa tena kiangazi kikielekea ukingoni, wanavuna Februari na Machi, kwenye mvua. Mavuno ya pili ni mengi lakini ya wasiwasi. Ukitaka mvinyo mweupe mkavu wa kujivunia, tumia ya Agosti. Korogwe mjini, mita kama 300 tu juu ya bahari, usiku wa Agosti bado una joto la kutosha kuifanya zabibu ile tindikali yake yenyewe usingizini. Na popote utakapoweka makasi kwenye kalenda yetu, ama maua ama matunda yatakutana na mvua. Baba mdogo alipanda mche mmoja nyuma ya vestri. Ulipata ubwiri unga, ukafuatiwa na ubwiri vinyoya, na mchwa wakamalizia. Ulibaki kivuli cha kuku.

Panda Mombo kuelekea Soni utaona kwamba mwinuko peke yake unaweza kubadili mambo. Shamba la Sakharani lina jina la utani la Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyegeuka mkulima na kuuawa kwenye vita vya Tanga Novemba 1914. Baadaye lilikuwa mali ya watawa Wabenediktini, ambao wametengeneza mvinyo na kuuza hapohapo. Ni mfano ninaoupenda, ila ni wa milimani, na Handeni haina mlima wa kuazima.

Udongo na mvua vikishafanya yao, kazi yote inahamia kiwandani. Baba alikuwa na neno lake kuhusu mkonge: jani lililolala halitoi singa nyeupe. Jani linapaswa kufika korona mapema baada ya kukatwa, la sivyo utomvu unakauka, singa inabaki na madoa, na daraja linashuka. Zabibu nyeupe inataka haraka kuliko hiyo. Aina tuliyoitegemea ni Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire, Ufaransa, ambako huko Savennières wanaifanya kuwa mvinyo mkavu wa kuheshimika. Afrika Kusini waliilima kwa muda mrefu wakiiita Steen, mpaka miaka ya 1960 wakahakikisha kuwa ni ileile. Inastahimili joto bila kupoteza tindikali yote, na kwa nchi yetu hiyo ndiyo sifa ya kwanza.

Tulitaka zichumwe alfajiri, makreti yafike kabla jua halijapanda. Zinakamuliwa mara moja na maganda yanawekwa kando, kwani rangi na ukakasi viko kwenye ganda. Juisi inapoa na kutulizwa usiku mmoja ili tope litue. Hapo kazi ya maabara inaanza. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita zitatoa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo juisi yenye gramu 210 itakupa asilimia kumi na mbili na kitu. Ukichelewa kuvuna wiki moja sukari inapanda, tindikali inashuka, na mvinyo wako utakuwa mkali kichwani na mlegevu ulimini. Wazungu wa nchi za baridi huomba sukari ipande. Sisi tuliomba tindikali isishuke, na mara nyingi tuliiongeza kwa kipimo, jambo la halali na la kawaida katika nchi zote za joto.

Halafu chachu. Ikiachwa kwenye joto la nyuzi 30 inaimaliza kazi kwa siku chache kwa vurugu, na harufu zote za tunda zinapanda hewani. Au inakufa njiani, ikiacha sukari. Ukiishikilia nyuzi 15 au 16, inakula polepole kwa wiki mbili, tatu, mpaka lita inabaki na gramu nne za sukari au chini ya hapo. Hapo tu ndipo tunaposema mkavu. Na baridi hiyo ina historia yake. Carl von Linde alitengeneza mashine ya kupoza kwa ajili ya viwanda vya bia vya Ujerumani miaka ya 1870. Watengenezaji mvinyo wa nchi za jua kali, Australia na Afrika Kusini, waliizoea kwelikweli miaka ya 1950, na mvinyo wao mweupe ukabadilika ndani ya muda mfupi. Kwetu matangi ya chuma kisichoshika kutu yenye maji baridi ubavuni yalienea kuchelewa. DOWICO ilififia pamoja na mashirika mengine ya umma miaka ya 1990, na wakulima wengi waling'oa mizabibu. Miaka ya 2000 wakaja wawekezaji, CETAWICO ya Hombolo ikiwa na Waitaliano ndani yake, na Chenin ya baridi ikaanza kutoka kwa uhakika. Umeme ukikatika mwezi wa Agosti katikati ya uchachushaji, mhudumu wa jenereta ndiye anayeshika ladha ya mwaka mzima mikononi. Sijawahi kuona jina lake kwenye lebo.

Mkulima mdogo hana tangi la namna hiyo. Zabibu zikikosa mnunuzi kwa siku mbili zimekwisha, kwa hiyo wengi huzikamua na kuzichachusha wenyewe, kisha huuza mchuzi wa zabibu kwa lita. Mchuzi mwekundu huvumilia. Mweupe, ukishalala kwenye pipa la plastiki chini ya bati la Mpunguzi, unageuka kahawia, na kiwanda kitautaka kwa bei ya kutupa au kitautia sukari. Ndiyo maana rafu za maduka yetu zimejaa vitamu. Kuna mapenzi ya mnywaji, nimeshayaeleza, lakini kuna pia ukosefu wa baridi kule shambani. Mtu akitaka kuwekeza kwenye mvinyo wa nchi hii, mimi sitamwambia atafute udongo mpya. Anunue mashine za kupoza, azigawe vijijini.

Mwaka jana binti wa kaka yangu alileta chupa mbili za Chenin mkavu kutoka Dodoma. Alionja ya kwanza, akakunja uso.

"Shangazi, hii si imeshachacha?"

"Hapana. Ndivyo ilivyo."

Akatia soda ya ndimu kwenye glasi yake. Nilimwacha, chupa alinunua yeye. Ya pili tuliipoza kwanza, tukainywa na perege wa kukaanga waliokuwa wameletwa kutoka Nyumba ya Mungu. Ndimu nilikuwa nimezikata sahanini, na hakuna aliyezigusa.